Siku ya Uwanjani: Kuandaa Gari la Kasi Linalolala Kidichi

Siku ya uwanjani ni siku ambayo uwanja wa mbio za magari hufunguliwa kwa watu wa kawaida, kila mmoja na gari lake, ili waliendeshe kwa uwezo wake wote mahali pasipo na waenda kwa miguu, bodaboda wala gari linalokuja upande wa pili. Si mashindano. Hakuna mshindi wala kikombe, na waandaaji wengi hawaruhusu mtu kujipima kwa saa. Madereva hugawanywa makundi kwa uzoefu, kila kundi huingia kwa kipindi cha dakika 15 hadi 20, na kupitana hufanyika sehemu zilizonyooka tu, tena baada ya dereva wa mbele kutoa ishara.

Unguja haina uwanja wa namna hiyo. Kwa Wazanzibari wengi, viwanja vya lami vilivyo karibu kiukoo ni vya Ghuba, waliko ndugu na jamaa: Dubai Autodrome, uliofunguliwa mwaka 2004, wenye mzunguko mrefu wa kilomita 5.39, uwanja wa Sakhir nchini Bahrain, wa mwaka huohuo, na Yas Marina wa Abu Dhabi, uliopokea mbio za Formula 1 kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Kusini kuna Kyalami, kati ya Johannesburg na Pretoria, uliofunguliwa mwaka 1961. Jirani zaidi, Kenya ina mbio za Kiamburing TT, zinazokimbiwa kwenye barabara ya lami iliyofungwa huko Kiambu. Hayo ni mashindano kamili, lakini maandalizi ya gari ni yaleyale.

Afrika Mashariki haikosi mfano wa thamani ya maandalizi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1965 Joginder Singh alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, mbele ya magari mapya ya viwandani. Gari lililokaguliwa nati kwa nati humaliza safari, na lenye nguvu nyingi lisilokaguliwa hubaki njiani. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa mwongozo huu: gari la kasi lina nguvu ya kutosha tangu siku lilipotoka kiwandani. Kinachoandaliwa ni uwezo wake wa kusimama, kupoa na kushika lami, kipindi baada ya kipindi.

Joto, na hesabu yake

Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 180 kwa saa hubeba nishati mara 9 ya ile linayobeba kwenye kilomita 60. Dereva anapolipunguza kutoka 180 hadi 60 kabla ya kona, takriban jouli 1,670,000 lazima ziende mahali fulani ndani ya sekunde chache. Upepo na injini huchukua sehemu ndogo. Zilizobaki huwa joto kwenye diski na pedi za breki. Joto hilo lote likitiwa kwenye maji ya bomba ya Unguja, yenye nyuzi 28 hivi, lingechemsha zaidi ya lita 5. Uwanja wenye kona 6 za aina hiyo, ukizungukwa mara 8, ni joto la kuchemsha zaidi ya pipa zima la lita 200, na hicho ni kipindi kimoja tu cha asubuhi.

Barabarani gari halifikii hali hiyo kamwe. Breki hukanyagwa, kisha hupata dakika nzima ya kupoa. Ndiyo maana gari lisilo na kasoro yoyote kwenye barabara ya Bububu, Unguja, linaweza kukosa breki kwenye mzunguko wa tano wa uwanja, na dereva wake akashangaa kwa nini.

Gari linalolala Kidichi, juu ya Bububu, lina mambo mawili ya ziada. Kwanza, hewa ya kisiwa ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na bahari ya Bububu iko karibu. Pili, udongo wa kinongo wa mashamba ya viungo, ule mwekundu unaopendwa na karafuu, hurushwa uvunguni wakati wa masika na kuganda juu ya mabomba na maungio, ukihifadhi maji kama sifongo. Kwa hiyo maandalizi ya Kidichi huanza chini ya gari.

Wiki sita kabla: uvungu

Uvungu huoshwa kwa maji mengi yasiyo na chumvi hadi udongo wote utoke, hasa ndani ya matao ya magurudumu, juu ya tangi la petroli na kwenye kingo za fremu. Gari huachwa likauke, ndipo hupandishwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi: hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

Cha kwanza kuangaliwa ni mabomba ya chuma ya breki. Kutu haianzi sehemu iliyo wazi. Huanzia chini ya klipu zinazoshika bomba kwenye bodi, ambako unyevu hukaa bila kuonekana. Klipu hufunguliwa moja moja, bomba husuguliwa taratibu kwa brashi laini ya waya, kisha huangaliwa kwa tochi. Rangi ya kutu ya juujuu si tatizo. Bomba lililovimba, lenye vishimo au linalotoa magamba hubadilishwa lote, maana kukanyaga breki kwa nguvu uwanjani huleta shinikizo kubwa kuliko lile la kila siku.

Mipira ya breki inayoelekea kwenye magurudumu hupindwa kwa mkono na kuangaliwa mipasuko. Boljointi, tairodi endi na bushi hutikiswa kwa nguvu gurudumu likiwa hewani; mlegeo wowote unaohisiwa kwa mkono utakuwa mlegeo mkubwa zaidi kwenye kona ya kilomita 120 kwa saa. Beringi huzungushwa na kusikilizwa: ikiguna, haiendi uwanjani. Shokapu hutazamwa kama zinavuja oili. Mwisho, boliti za kushikilia injini, giaboksi na ekzosi hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji.

Wiki nne kabla: breki

Oili ya breki hunyonya maji kutoka hewani kupitia mipira na mfuniko wa kopo lake. Kwa kiwango cha DOT 4, oili mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini hushuka hadi nyuzi 155. DOT 5.1 huanzia nyuzi 260 ikiwa mpya na 180 ikiwa na maji. DOT 3 ni 205 na 140. Oili ikichemka ndani ya kaliperi hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali huzama hadi sakafuni, gari haliachi kwenda. Katika hewa ya Unguja oili huzeeka mapema, kwa hiyo oili ya mwaka jana haihesabiwi kuwa nzuri, hata kama gari lilikaa tu chini ya mwembe.

Oili hubadilishwa yote, kwa DOT 4 yenye kiwango cha juu cha kuchemka au DOT 5.1, kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo. Chupa iliyobaki nusu kabatini haitumiki. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, haichanganywi na hizi nyingine licha ya ufanano wa jina.

Kazi hii hufanywa na watu wawili. Mmoja hukaa kwenye kiti cha dereva, fundi huwa gurudumuni na mpira mwembamba uliochomekwa kwenye skrubu ya kutolea hewa, ncha yake ikizama ndani ya chupa yenye oili kidogo. "Kanyaga, shikilia!" Skrubu hufunguliwa robo mzunguko, oili ya zamani, yenye rangi ya chai ya mkandaa, hutoka pamoja na mapovu. Skrubu hufungwa kwanza, ndipo husikika "Achia!" Mguu ukiachiwa kabla skrubu haijafungwa, hewa hurudi ndani na kazi huanza upya. Zoezi hurudiwa kwa kila gurudumu, kwa mpangilio uliotajwa kwenye kitabu cha gari, hadi oili itoke safi kama maji na bila povu. Kopo la juu huongezwa mara kwa mara lisije likakauka. Tone lolote lililoangukia rangi ya bodi husafishwa papo hapo kwa maji, kwa sababu oili ya breki hula rangi.

Pedi hupimwa unene. Pedi iliyobaki nusu inaweza kuisha kabla ya jua kutua uwanjani, hivyo huwekwa mpya za aina inayostahimili joto kali, na zile za kawaida huwekwa kwenye buti kama akiba ya safari ya kurudi. Pedi za bandia zipo nyingi sokoni, na bei ya chini mno ni dalili ya kutosha ya kuachana nazo. Diski hupimwa unene na kulinganishwa na kipimo cha chini kilichopigwa muhuri pembeni mwake. Diski zenye matundu hukaguliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa mipasuko huanzia kwenye matundu na kutambaa kuelekea ukingoni. Mpasuko uliofika ukingoni humaliza maisha ya diski.

Pedi mpya huhitaji kuzoeshwa diski kwa kupunguza mwendo mara nyingi mfululizo bila kusimama kabisa, kila mara kwa nguvu zaidi kidogo. Zoezi hilo halina nafasi kwenye barabara inayopanda kutoka Bububu kwenda Kidichi. Barabara hiyo ina watoto wa shule, baiskeli zenye mizigo na magari ya watalii yanayopinda kwenda mashamba ya viungo au kwenye hamamu ambalo Sultani Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Pedi huzoeshwa uwanjani, kwenye kipindi cha kwanza, kwa mwendo wa wastani.

Tairi na nati

Gari zima hushika lami kwa vipande vinne, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja hivi. Kwenye ubavu wa kila tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa na meno mazuri, na jua la pwani huharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo tairi za mtumba, zinazouzwa kwa kusifiwa meno yake, husomwa tarehe kwanza. Tairi yenye nyufa ubavuni, kiraka au uvimbe haiendi uwanjani hata kama upepo wake haupungui.

Upepo hupimwa tairi zikiwa baridi, asubuhi, kwa kipimo kimoja kilekile kila mara. Tairi ikipata joto, upepo hupanda takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 hadi 6, na uwanjani unaweza kupanda psi 6 au zaidi. Tairi iliyojazwa psi 34 asubuhi ingefika 40, ikavimba katikati na kuteleza. Kama lengo ni psi 34 ikiwa ya moto, huanza na 28 hivi. Dereva akitoka kipindini hupima mara moja kabla ya tairi kupoa, hupunguza kilichozidi na kuandika. Gari likipoa, upepo huongezwa tena kabla ya kurudi barabarani.

Nati za magurudumu ndipo chumvi hufanya hila yake. Uzi wenye kutu hukataa nati mapema: spana hufika kipimo chake huku rimu haijashikwa sawasawa. Uzi husafishwa kwa brashi ya waya na kukaushwa. Haupakwi grisi, maana grisi hufanya nati ikazwe kupita kiasi kwa kipimo kilekile na kuuvuta uzi. Nati hukazwa kwa mpangilio wa nyota, kwa spana ya kupimia, ile inayolia "tak" ikifika kiasi kilichowekwa. Kwa magari mengi ya ukubwa huu kiasi hicho ni kati ya Nm 90 na 130, na kitabu cha gari ndicho hutaja kamili. Bomba lililochomekwa kwenye spana ili kuongeza nguvu si kipimo. Nati hukaguliwa tena baada ya kila kipindi, rimu ikishapoa kidogo.

Wiki mbili kabla: injini na upoozaji

Rejeta na kipoza hewa cha tabo huoshwa kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili vumbi na wadudu watoke walikoingilia. Maji ya nguvu nyingi hulaza mapezi ya rejeta na kuziba hewa. Maji ya zamani ya rejeta humwagwa, mfumo husafishwa, kisha hujazwa mchanganyiko mpya wa kuzuia kutu. Maji ya kisima, ambayo kisiwani huwa na chokaa, hayatumiki. Mfuniko wa rejeta una kazi kubwa kuliko umbo lake: shinikizo linaloshikiliwa nao ndilo linaloruhusu maji kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Mfuniko wenye mpira uliokauka hubadilishwa. Mipira yote hubinywa kwa vidole. Inayobonyea kama sifongo, au iliyokauka na kulia, hubadilishwa pamoja na klipu zake. Feni husikilizwa ikianza yenyewe.

Oili ya injini na filta hubadilishwa kwa kiwango kilichoagizwa. Uwanjani jambo la kuangalia zaidi ni kimo cha oili. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, na pampu inaweza kuvuta hewa kwa sekunde moja au mbili. Sekunde hizo zinatosha kuunguza beringi za injini. Kwa hiyo oili hujazwa hadi alama ya juu kabisa ya kijiti bila kuizidi, na hupimwa baada ya kila kipindi gari likiwa mahali tambarare. Injini zenye tabo hunywa oili zaidi zikikazwa, na aliyepima asubuhi tu hujua habari mchana.

Magari ya michezo yaliyo mengi Afrika Mashariki, kama Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution, yameletwa yakiwa yametumika Japani na kuratibiwa kwa petroli ya hali ya juu ya huko, ambayo kwa kawaida huwa ya okteni 98 hadi 100. Yakipewa petroli ya okteni ya chini huku tabo ikisukuma kwa nguvu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na injini hugonga, sauti kama kokoto ndani ya kopo. Kugonga huko hutoboa pistoni. Tiba ni kuweka petroli ya okteni ya juu kabisa inayopatikana na, inapobidi, kumpa fundi wa kompyuta aipunguze tabo ili iendane nayo. Kuongeza nguvu ya tabo wiki moja kabla ya kwenda uwanjani ni kosa linaloweza kuvunja injini.

Betri hufungwa isicheze, vichwa vyake husafishwa unga mweupe na kukazwa. Waya zilizochezewa na mafundi wa redio au king'ora hufuatiliwa hadi mwisho. Waya uliovuliwa gamba ukigusa ekzosi ya moto ni chanzo cha moto. Mpira wa petroli ukitoa harufu hubadilishwa siku hiyohiyo.

Ndani ya gari na dereva mwenyewe

Kila kisichofungwa hutolewa: zulia la sakafuni, chupa, simu, chaja, jeki, tairi ya akiba na marashi ya dashibodi. Chupa ya maji inayobingirika hadi nyuma ya pedali ya breki ni hatari kuliko diski iliyochakaa. Chini ya viti hutazamwa kwa tochi, kwani sarafu, kalamu na kokwa za tende hujificha huko miaka.

Kiti husogezwa hadi goti libaki limekunjwa kidogo klachi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, na kifundo cha mkono kifike juu ya usukani mgongo ukiwa umeegemea. Mkanda huvutwa kwa ghafla kuona kama unajifunga, na uliochanika hubadilishwa. Kizima moto cha unga hufungwa kwa bano la chuma mahali dereva anapofika akiwa amefunga mkanda. Bano la plastiki huachia gari likigonga. Ndoano ya kuvutia gari huchomekwa kabla ya kuingia uwanjani, baada ya uzi wake kusafishwa kutu, ili gari likikwama lisikokotwe kwa bampa.

Kofia huwa ya kiwango cha magari, yenye alama ya Snell SA, ambayo kitambaa chake cha ndani huvumilia moto. Ile ya pikipiki yenye alama ya M haikupimwa kwa moto, na viwanja vingi huikataa. Nguo huwa za pamba za mikono mirefu, kwa kuwa za nailoni huyeyukia ngozini. Viatu huwa na soli nyembamba na vya kufunga. Kandambili hubaki nyumbani. Ndani ya gari lisilo na kiyoyozi joto hupanda haraka, na dereva aliyeishiwa maji huchelewa kukanyaga breki kabla hajajua kuwa amechoka. Maji hunywewa kabla ya kiu, na usingizi wa usiku uliotangulia ni sehemu ya maandalizi.

Safari na karatasi

Gari linalokwenda bara huvuka kwa meli ya Azam Sealink kati ya Unguja na Dar es Salaam. Gari lenye namba za Zanzibar, zinazoanza na Z, huenda likahitaji taratibu za forodha kabla ya kutumika bara, hivyo karatasi hushughulikiwa mapema kwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kuvuka mpaka wa Kenya, iwe Namanga au Horohoro, kunahitaji kibali cha muda cha gari na bima ya nchi jirani, kama ile Kadi ya Njano. Bima za kawaida aghalabu haziyahusu matumizi ya uwanjani, na jambo hilo husomwa kwenye mkataba wenyewe kabla ya kuondoka.

Kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kupitia Namanga ni takriban kilomita 900. Gari likibebwa kwenye lori hufika na breki na tairi zake zote. Likiendeshwa, hubeba oili ya breki, oili ya injini, pedi za akiba, kipimo cha upepo, pampu, spana ya kupimia na tepu. Lililovuka bahari huoshwa uvungu siku ya kufika.

Siku yenyewe

Dereva hufika mapema, huegesha kivulini inapowezekana, huondoa mizigo na kuhudhuria maelezo ya asubuhi bila kukosa, kwani ndipo sheria za bendera hutolewa. Njano ni hatari mbele: mwendo hupunguzwa na hakuna kupitana. Nyekundu husimamisha kipindi, na madereva hurudi piti polepole. Buluu humwambia dereva kuwa mwenye kasi zaidi yuko nyuma. Yenye mistari ya njano na nyekundu humaanisha lami inateleza, huenda kwa oili. Nyeusi humwita dereva aingie piti mara moja. Ya vibambo vyeusi na vyeupe hufunga kipindi.

Mzunguko wa kwanza wa kila kipindi ni wa kupasha tairi na breki moto, na wa mwisho ni wa kuzipoza: mwendo wa kadiri, breki zikiguswa kwa uchache. Gari likiingia piti, breki ya mkono haivutwi. Pedi ya moto iliyobanwa mahali pamoja hugandia diski, ikaacha alama inayotetemesha usukani kuanzia hapo. Gari huachwa kwenye gia, na kipande cha mti huzuia gurudumu. Boneti hufunguliwa, na injini yenye tabo huachwa izunguke taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa.

Pedali ya breki ikianza kuwa ndefu au laini, kipindi kimekwisha kwa gari hilo. Halisubiriwi lizunguke mara moja zaidi. Hali ni hiyohiyo kwa taa ya oili, mshale wa joto unaopanda, au harufu mpya. Dereva mwenye hekima hupanga siku yake ili abakize breki na tairi za kumrudisha nyumbani.

Baada ya kurudi

Nati hukazwa tena na upepo hurudishwa kiwango cha barabarani kabla ya kuondoka uwanjani. Nyumbani, gari hupandishwa tena kwenye stendi. Pedi na diski hupimwa, oili ya injini hubadilishwa kama ilipata joto kali, na oili ya breki iliyochemka hubadilishwa yote. Uvungu huoshwa ili kuondoa chumvi ya safari ya meli.

Vipimo vyote huandikwa kwenye daftari moja: upepo wa baridi na wa moto kwa kila tairi, unene wa pedi kabla na baada, joto la juu kabisa la maji na oili, hali ya hewa ya siku hiyo na mizunguko iliyofanywa. Daftari hilo hukaa garini. Mara nyingine gari linapoandaliwa, maandalizi huanzia kwenye ukurasa huo badala ya kubahatisha.